Shukrani Aliyoikataa Mbega

Kabla chui hajawa na madoa, na mbega alipokuwa bado na vidole gumba kama jamaa zake wengine wa mitini, msitu wa mlimani ulikuwa na desturi moja iliyoheshimiwa kuliko zote. Mwenye kupewa kitu hakushukuru kwa mdomo peke yake. Katikati ya msitu palikuwa na kisiki cha mti uliopigwa na radi, kimeungua hadi kwenye mizizi, na masizi yake hayakuisha kwa kuchotwa. Kila kaya ilichota kidogo, ikayaweka katika ganda la konokono. Ukipewa kitu ulichovya kidole gumba katika masizi, au ncha ya ukwato kama wewe ni wa kwato, ukambonyeza aliyekupa. Alama ile haikufutwa na mvua wala haikutoka kwa kujisugua. Na sheria yake ilikuwa hii: anayeshukuriwa kwa kitu ndiye mwenye kitu hicho. Siku akikitaka atakichukua, wala hapana wa kumuuliza.

Ilikuwa desturi njema, maadamu waliitumia wao kwa wao. Aliyepewa tunda leo alitoa kivuli kesho. Alama zilikwenda na kurudi, hata ikawa vigumu kusema nani ni mwenye nini, na hakuna aliyeona haja ya kusema.

Mbega alipomwoa Nakijwa alikuwa wa kijivu, rangi ya gome la mti mkavu, na Nakijwa vivyo hivyo. Asubuhi Mbega ndiye aliyetangulia kutoka. Alipanda juu kabisa kwenye majani machanga, akayachuma, akamletea mkewe yangali na umande. Nakijwa alikula amefumba macho, kisha akachovya kidole na kumbonyeza mumewe begani. Jioni, baridi ya mlimani iliposhuka, Nakijwa alikusanya zile ndevu nyeupe zinazoning'inia kwenye matawi ya miti mikongwe, akazitandaza juu ya mabega ya mumewe, zikamshukia ubavuni hadi kiunoni kama shuka. Mbega naye alichovya kidole, akambonyeza.

"Umeniwekea wapi leo?" Nakijwa aliuliza, akipinda shingo ajitazame mgongoni.

"Palipokuwa wazi."

"Hapajabaki pa wazi, mume wangu. Kesho utanibonyeza jichoni."

Hivyo ndivyo walivyogeuka weusi. Haikuwa kazi ya siku moja. Ilikuwa alama juu ya alama: kwa jani, kwa shuka ya ndevu, kwa kutolewa kupe sikioni, kwa kuachiwa upande wa tawi usiopigwa na upepo. Mwishowe mwili mzima ukawa mweusi ti, na alama mpya ilipowekwa haikuonekana. Waliendelea kuiweka. Walipopata mtoto, mtoto alizaliwa mweupe pe, kwa kuwa alikuwa bado hajampa mtu kitu.

Chui wa siku zile alikuwa na ngozi tupu, ya rangi ya nyasi kavu. Naye hakuwa amempa mtu kitu, ila yeye alikuwa mtu mzima. Akina mama walimtumia kuwaonya watoto: "Ukiwa mchoyo utabaki mtupu kama yule." Chui aliyasikia yote.

Mwaka mmoja mvua zilikawia, vijito vikakauka, likabaki bwawa moja tu chini ya miamba. Chui akaenda kulala ukingoni pake. Hakulichimba bwawa lile, wala hakulijaza. Alilala tu. Paa mmoja mzee akaja kunywa, akamwona akiwa amekwisha kufika, kurudi nyuma haiwezekani, akanywa. Alipomaliza na kujikuta yu hai, alitafuta neno la kusema, na hofu ikamchagulia. "Asante, Bwana Mkubwa, kwa maji." Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, alikwenda kutafuta masizi, akarudi, akambonyeza Chui ubavuni.

Chui aliitazama alama ile muda mrefu. Aliyefuata kuja kunywa aliulizwa kwa upole, "Mwenzako ameshukuru. Wewe je?"

Kufikia masika bwawa lilikuwa lake kwa sheria. Mvua zilinyesha, vijito vikajaa, lakini mazoea yalikuwa yamekwisha kuingia mwilini. Walimshukuru Chui kwa njia, kwa kuwa alipita bila kuwagusa. Walimshukuru kwa usingizi, kwa kuwa hakuwaamsha. Aliyenyang'anywa mtoto alimshukuru kwa waliobaki. Ngozi tupu ikajaa madoa, na wageni kutoka misitu mingine walipomwona walistaajabu: kumbe msitu huu una mtu mkarimu kiasi hiki!

Mbega na mkewe hawakuwa wamemwekea Chui alama yoyote. Si kwamba walikuwa mashujaa. Waliishi juu, wakinywa maji yaliyotuama katika mashimo ya miti, na mambo ya bwawani waliyasikia kama mtu asikiavyo ugomvi wa nyumba ya mbali. Kisha kikaja kiangazi kilichokausha hata mashimo ya miti. Nakijwa akashuka bwawani, mtoto kifuani.

Hakurudi. Mbega alimkuta mtoto peke yake, ameng'ang'ania mzizi ukingoni, na kwenye tope nyayo za Chui zikielekea vichakani, na kitu kimeburutwa. Hapana haja ya kusema zaidi ya hapo.

Matanga yaliwekwa chini ya mti wake. Bi Perere, jirani wa jamii ya pimbi aliyeishi katika tundu la mti huohuo tangu Mbega hajazaliwa, ndiye aliyewapokea wageni na kuwaonyesha pa kukaa. Walikuja wengi, na wengi wao walisema neno lilelile. Shukuru mtoto amebaki. Shukuru hukuwepo, ungeondoka nawe. Shukuru mkeo hakuugua, hakuteseka. Mbega aliwasikiliza wote. Kwa yale waliyoyasema hakumshukuru mtu. Kwa kuja kwao na kuketi naye aliwashukuru, akachovya kidole na kumbonyeza kila mmoja, maana kuja kulikuwa kitu walichompa kweli, na yeye alitaka kila shukrani ikae mahali pake.

Siku ya kuondoa matanga, wakati wageni wanajikung'uta kuondoka, Chui akatokea. Nyuma yake alifuata Nyani, tarishi wake, amebeba ganda la konokono lililojaa masizi.

"Poleni wafiwa," alisema Chui, akaketi katikati yao. "Nilipopata habari nikasema, siwezi kukaa nyumbani."

"Amekuja mwenyewe!" mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Huyu Mbega si mtu mdogo."

Chui alipokea salamu za huku na huku, kisha akamgeukia mwenye msiba. "Sitakaa sana. Nimekuja tumalize jambo dogo. Siku ile pale bwawani walikuwa wawili. Nilichukua mmoja." Alimtazama mtoto mweupe kwenye kifua cha baba yake, akamtazama kwa raha, kama mtu atazamavyo shamba. "Wa pili nilimwacha. Nimengoja unitumie neno, kimya. Nikasema labda ni majonzi, tumpe nafasi. Sasa matanga yamekwisha."

Nyani akaliweka ganda mbele ya Mbega. "Shukuru, ndugu yangu, watu waende makwao. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Wengine hawaachiwi hata mkia."

Chui akainua kichwa akaonyesha koo lake. Mwili wake wote ulikuwa umejaa, ila chini ya kidevu palikuwa peupe. "Hapa nimekuwekea wewe," alisema. "Hajapewa mtu. Mtoto si kitu cha kushukuriwa mkiani."

Mbega aliyatazama masizi. Alijua jambo ambalo wote pale walilijua zamani, kabla hawajaacha kulifikiri. Akibonyeza, mtoto ni wa Chui. Leo atarudi naye juu, atamlisha, atamfunika, atamfundisha kuruka, na siku Chui atakapomtaka atakuja kuchukua chake, na wao watakuja tena matangani kumwambia ashukuru. Chui angeweza kumrukia mtoto palepale, nguvu hizo alikuwa nazo. Lakini mwizi hulala jicho moja wazi, na mwenye mali hulala fofofo. Chui alikuwa amezoea kulala fofofo.

"Mwanangu," Bi Perere alimwita kwa sauti ya chini, "kidole ni kitu kidogo. Bonyeza mara moja, yaishe. Una mtoto wa kulea."

"Nikishabonyeza, bibi, nitakuwa nalea mtoto wa nani?"



Mbega akamgeukia Chui. Hakupaza sauti. "Nina mengi ya kushukuru, Mkubwa. Utazame mwili wangu, na wa marehemu ulikuwa hivihivi. Kila jani tulilishukuru. Kila jioni ya baridi tuliishukuru. Hatukuacha kitu, na kila kitu tulimjua aliyetupa. Mtoto huyu nimepewa na mama yake. Wewe hukunipa. Ulimwacha. Kumwacha si kumpa."

"Yu hai kwa sababu yangu."

"Ni yatima kwa sababu yako. Uhai wake ulitokana na tumbo lako, lilikuwa limejaa. Au unataka nilishukuru tumbo?"

Mtu mmoja nyuma kabisa alicheka, akakimeza kicheko chake kabla hakijamfikisha pabaya. Mkia wa Chui ukapiga chini.

"Mshike," alimwambia Nyani.

Sheria ilisema alama ni alama. Haikusema lolote juu ya kidole kilivyofika pale. Nyani alimkamata Mbega mkono, akauzamisha katika masizi, akaanza kumvuta. Alikuwa na nguvu, na alizungumza karibu na sikio lake ili wengine wasisikie.

"Legeza mkono, bwana, usijiumize. Mimi nilibonyeza. Alichukua mtoto wangu mmoja, nikashukuru kwa waliobaki. Aliporudi kuchukua mwingine sikuwa na la kusema. Alikuwa wake."

"Na bado unanivuta?"

"Nakuvuta kwa sababu sikuona njia nyingine. Wewe umeiona?"

Koo la Chui lilikuwa karibu sana sasa. Kidole cheusi kilikuwa kimebakiza nafasi ya jani kuligusa. Mbega aliinama, akaweka kidole gumba chake katikati ya meno, akakikata. Akahamia mkono wa pili, akakikata na hicho. Akavitema vyote viwili mbele ya miguu ya Chui.

"Vidole hivyo hapo," alisema, damu ikimtoka mdomoni. "Vikushukuru vyenyewe, kama vinakujua."

Mikono ya Nyani ililegea. Huenda ni damu iliyoteleza, huenda ni jambo jingine. Nyani mwenyewe, hata alipozeeka, hakulieleza.

"Utashikaje tawi?" Bi Perere alilia. "Mwanangu, utaanguka na mtoto!"

Kila aliyekuwepo aliamini hivyo, na Mbega pia. Lakini mtoto alikuwa ameshika manyoya ya kifua kwa mikono yote miwili, na Chui alikuwa amekwisha kuinuka. Mbega akaruka. Vidole vinne vilivyobaki vilijikunja vyote kwa pamoja, kama kulabu, vikanasa tawi, na tawi likamkubali. Akaachia, akaruka tena. Ikawa bila kidole gumba mkono ulishika upesi na kuachia upesi zaidi, na umbali ambao zamani aliuogopa sasa aliuvuka mtoto akiwa kifuani. Chui alimfuata juu hadi matawi yalipokuwa membamba, yakaanza kulia chini ya uzito wake. Hapo akasimama. Akangoja. Kisha akashuka kinyumenyume, jambo ambalo watu wa msitu ule hawakuwahi kumwona akilifanya.

Asubuhi ilimkuta Mbega kwenye kilele cha mti mrefu kuliko yote, ukungu umelala mabondeni chini yake. Shuka ya ndevu aliyotandaziwa na Nakijwa jioni ya mwisho ilikuwa bado mabegani, imelowa umande na kugandamana na mwili, na bila vidole gumba hakuweza kuivua. Hakutaka kuivua. Alilamba umande kwenye majani, ukamtosha. Akachuma jani changa kwa mdomo, akamtafunia mtoto, mtoto akala. Kisha jua likachomoza, likampiga kifuani, na baridi yote aliyokuwa nayo ikaanza kuondoka.

Mkono wake ulienda wenyewe kutafuta ganda la masizi. Ganda halikuwepo. Kidole hakikuwepo. Wala hapakuwa na mtu mbele yake wa kumbonyeza.

Basi alikaa wima, akaweka mikono juu ya magoti, viganja wazi, uso umeelekea jua. Akashukuru. Alishukuru kwa joto lile, kwa kuwa lilikuwa joto. Alishukuru kwa umande, na kwa jani, na kwa uzito wa mtoto aliyekuwa amelala tena baada ya kula. Alishukuru kwa Nakijwa kufumba macho anapokula. Alikwenda polepole, kitu baada ya kitu, bila kuongeza wala kupunguza. Alipofika kwenye kifo cha Nakijwa hakukishukuru. Hakukipita haraka pia. Alikaa mbele yake akikitazama, na kutoka ndani ya kifua chake ikapanda sauti ambayo msitu haukuwahi kuisikia, nzito, ya kukoroma, kama mawe yanayobingirika korongoni. Mtoto alishtuka, akamtazama babaye, kisha akajaribu na yeye.

Jua liliendelea kupanda. Halikuuliza limeshukuriwa kwa nini, wala halikudai mtoto.

Chini bwawani walikuwa wameanza kukusanyika, na sauti ile iliwakuta hapo. Bi Perere alikuwa wa kwanza kunywa asubuhi hiyo. Alikunywa, akajifuta, akageuka kwenda zake.

"Bibi," Chui alimwita, "umesahau."

"Sijasahau, mjukuu wangu." Aliendelea kutembea. "Maji haya nimeyakuta. Mama yangu aliyakuta. Na wewe umeyakuta."

Chui hakumrukia; kumrukia mbele ya wote kungekuwa kukiri kuwa ni mwizi. Si wote waliomfuata Bi Perere. Wapo waliobonyeza siku ile, na kesho yake, kwa kuwa hofu haiachwi kwa siku moja. Lakini kila alfajiri sauti ya juu ilisikika, na kila alfajiri alipatikana mwingine aliyekunywa na kuondoka. Siku Nyani alipofika, alikunywa, akasimama mbele ya bwana wake wa zamani, akamwonyesha kidole kisicho na masizi, akaenda zake. Masika yaliyofuata kisiki kilijaa maji, masizi yakasombwa na mvua, na hakuna aliyekwenda kuyatafuta. Wakaanza kushukuru kwa mdomo tu, kama wanavyoshukuru watu wa leo, na shukrani ikakoma kumfanya mtu kuwa mwenye kitu cha mwenzake.

Na tangu siku hiyo mbega hana kidole gumba, na hakuna mnyama wa mitini anayeruka kumshinda. Anavaa weusi, na juu ya weusi shuka nyeupe, na watoto wake huzaliwa weupe. Si rahisi kumwona akishuka kunywa maji. Umande na majani vinamtosha. Kila asubuhi, kabla hajala kitu, hukaa juu ya mti mrefu akiwa ameelekea jua, mikono juu ya magoti, kimya. Kisha hukoroma, na mwenzake wa mti wa pili hupokea, na wa mlima wa pili, hadi msitu mzima unajua nini kimeshukuriwa na nini hakikushukuriwa.

Chui naye alibaki na madoa yake, kwa kuwa alama zile hazifutiki. Lakini sasa anawinda kwa kunyemelea na kulala jicho moja wazi, kama mwizi yeyote. Akipita chini ya mti wa mbega na kusikia mkoromo, husimama na kuinua kichwa kutazama juu. Ukiwa karibu wakati huo, na ukiwa na moyo wa kutokimbia, utaona chini ya kidevu chake mahali peupe pasipo na doa. Bado anapaweka wazi. Bado hakuna aliyempa alama.